Usimwombe Ami Yako Aseme Ni Kweli

Mwanangu Rehema,

Sanduku lako mamako amelipima mara mbili kwenye mizani ya bafuni, na ameshakwambia mambo ya dawa, ya pasipoti, na ya kutomwamini mtu yeyote anayejitolea kukubebea mzigo uwanja wa ndege. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na naliandika kwa sababu mezani nilishindwa kulisema bila kupandisha sauti, ukaniona mkali, ukainamia sahani yako. Nilikuwa mkali kweli. Mpaka sasa ni mkali. Lakini hasira yangu si yako, na nataka ujue ni ya nani kabla hujafika Mombasa.

Uliniuliza, "Baba, si ni neno moja tu? Ami aseme, atoke."

Shangazi yako Mwanajuma ndiye aliyekutia neno hilo kinywani, najua, wala simlaumu. Hata mimi amenipigia. Wiki ijayo afisa wa probesheni atakwenda gerezani kuzungumza na ami yako Athumani, kisha ataandika ripoti ambayo jaji wa rufaa ataisoma. Wakili wa serikali ameshadokeza kwamba Athumani akikubali kuwa yeye ni mtu wa vurugu tangu ujana wake, na kwamba jela imemnyoosha, basi upande wa serikali hautapinga apunguziwe kifungo na kurudi nyumbani. Athumani amekataa. Amewakatalia Mwanajuma, imamu wa mtaa na binamu zetu wote. Kwa hiyo wamebaki na wewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikubeba mabegani nilipokuwa huku Doha peke yangu, na wanajua hajawahi kukunyima kitu. Wanataka ufike, uende ukamwone, umlilie kidogo, alainike.

Nakuomba usifanye hivyo. Na kwa kuwa wewe si mtu wa kuambiwa "usifanye" ukatulia, tabia uliyoitoa kwa mamako, acha nikueleze.

Babu yako alipofariki, kaka yake mkubwa alikuja na kufuli. Alidai nyumba ni ya ukoo, akaifunga, na bibi yako akatolewa akiwa bado ndani ya eda, jambo ambalo watu wa mtaa wetu wakilitaja hadi leo hushusha sauti. Alikwenda kukaa kwa dada yake. Eda ilipokwisha akataka kurudi kwenye kazi yake ya mahamri, maana ndiyo aliyotulea nayo, lakini karai lake lilikuwa limefungiwa ndani. Alituma watu waungwana kuliomba. Jibu likawa kila kilichomo ndani ni cha ukoo, mpaka karai.

Athumani alikuwa kijana, na alikuwa na subira ndogo kuliko mimi. Usiku mmoja aliingia kwa dirisha la jikoni, dirisha ambalo komeo lake alilitia yeye mwenyewe babu akiwa hai. Ndani hamkuwa na mtu. Alichukua karai na ule mwiko wa chuma wenye matundu wa kuopolea mahamri kwenye mafuta. Vitu viwili. Vijana wa zamu ya mtaa walimkuta barabarani karai likiwa kichwani, mwiko mkononi, kelele za chuma mtaa mzima. Alipowaona hakukimbia. Aliwaambia waangalie wasiliangushe karai, litapata ufa.

Asubuhi alikuwa kituoni, na shtaka likawa kuvunja nyumba ya kuishi usiku na kuiba.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi. Tiketi yangu ya Doha ilikuwa imeshatoka. Nilikuwa nimesubiri kazi ile mpaka nikaonekana mzembe mbele ya wakwe zangu. Pale koridoni mahakamani, kama unavyojua watu wetu, kila mtu ni wakili. Mzee mmoja aliyekuja kwa kesi ya mbuzi aliniambia kwamba mtu akikataa kosa kesi inaahirishwa mpaka anaota mvi, ila akikubali hakimu humwonea huruma na mambo yanaisha siku hiyohiyo. Mwingine akaapa kwamba nduguye alifanya hivyo na jioni walikuwa wote kwenye kahawa. Nikawaamini, kwa kuwa walisema nilichotaka kusikia. Nikamwambia Athumani akubali, yaishe, niende zangu. Yeye alitaka kueleza habari ya kufuli na eda. Nikamwambia hakimu hana wakati wa hadithi.

Shtaka likasomwa. Akasema, "Ni kweli."

Lakini hapo haiishi, Rehema, na hili hatukulijua hata mmoja wetu. Ukishakubali shtaka, kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka, na unaulizwa tena kama nayo ni ya kweli. Akayasoma mbiombio, huku akitafuta faili la kesi inayofuata. Nikasikia kwamba mshtakiwa alivunja dirisha akiwa na silaha butu ya chuma, na kwamba aliwatishia waliomkamata. Silaha yenyewe ni mwiko wa mahamri. Athumani akageuka akanitazama. Aliniuliza kwa macho kama hilo nalo analikubali. Mimi, nikiwa na tiketi mfukoni, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akasema ni kweli, hakimu akaandika.

Alipewa kifungo cha nje. Tukakumbatiana nje ya geti kama watu walioshinda, bibi yako akapika pilau, nami nikapanda ndege. Kwenye chumba chetu cha mtaa wa Najma hapa Doha, vitanda vya juu na chini, nilikuwa nikiwasimulia wenzangu kisa cha ndugu yangu na karai wakacheka mpaka tukagongewa ukuta. Hadithi hiyo niliisimulia miaka mingi kama kichekesho. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Jingine sijamwambia mtu, hata mamako. Unakumbuka nilipopandishwa kuwa msimamizi wa madereva, tukapata nyumba hii ya Muaither, nanyi mkaja. Kampuni ilipata kazi ya kubeba watoto wa shule, na mandubu, yule mjumbe wa kampuni wa kushughulikia karatasi za serikali, akaniletea mafaili niondoe dereva yeyote mwenye rekodi ya vurugu. Kulikuwa na Mganda mmoja akiitwa Waswa, dereva ambaye hata abiria waliosinzia hawakuamka akifunga breki. Kwenye faili lake palikuwa na onyo la kambi ya wafanyakazi: kupigana. Nikaliweka upande wa waliokataliwa, nikanywa chai yangu ya karaki, nikaendelea na jina jingine. Baadaye alinijia pale ofisini, akavua kofia, akaniambia kwa utulivu, "Bosi, wewe hukuniuliza. Ulisoma tu."

Kumbe siku hiyo ya kambini alikuwa ameingia katikati kumwokoa mpishi, na msimamizi aliyekuja akawaandikia onyo wote waliokuwa jikoni, aliyepiga, aliyepigwa na aliyeamua. Neno lilikuwa moja kwa watu watatu tofauti. Nilimwelewa vizuri sana. Nikamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu, mafi faida, haisaidii kitu, faili limeshapelekwa. Akavaa kofia yake akatoka, na kabla ya Ramadhani akahamia kampuni nyingine.

Haukupita muda mrefu Mwanajuma akanipigia. Athumani alikuwa amepigana na mteja kwenye gereji alikokuwa akifanya kazi, na yule mteja akavunjika mkono vibaya. Hilo alilifanya. Sitaki uingie Kenya ukidhani ami yako ni malaika aliyeonewa. Alitukanwa, akasukumwa, akashika spana akapiga, na mkono wa yule bwana haujanyooka sawasawa mpaka leo. Athumani alilikubali mbele ya hakimu bila kuambiwa na mtu, akaomba radhi, na nina hakika alijua anachokikubali. Angefungwa, na ingekuwa haki afungwe.

Lakini hakimu alifungua rekodi. Akasema huyu si mara yake ya kwanza kutumia nguvu, kwamba tangu ujana alivunja nyumba ya watu usiku akiwa na silaha, na jamii inahitaji kupumzishwa naye. Akampa miaka kumi. Wakili wetu anasema bila lile la zamani kuhesabiwa hivyo kifungo kisingefika hata nusu. Nilikuwa nimesimama uani mwa hoteli moja, mabasi yetu yanapakia wafanyakazi wake, simu sikioni, namsikia dada yangu akilia, na nilichokuwa nakiona ni uso wa Waswa.

Wakili wetu ni mama mmoja mpole wa bara, na amenieleza kwa subira mara nyingi, kwa hiyo nami nakueleza, ukikutana naye usianze sifuri. Jaji akitaka kujua kama kosa la zamani ni la kutumia nguvu, ana njia tatu. Ya kwanza ni kuangalia sheria yenyewe inasema nini. Sheria ya kuvunja nyumba usiku haiulizi kama ulibeba panga au hukubeba kitu, wala kama ndani mna mtu. Inauliza kama uliingia, kama ulikusudia kuiba, na kama ni usiku. Mtu anaweza kulitenda kosa hilo lote bila kumgusa kiumbe, kwa hiyo kwa maneno ya sheria peke yake haliwezi kuitwa kosa la kutumia nguvu. Kwa njia hiyo tunashinda. Serikali inajibu kwamba kuvunja nyumba ya watu usiku kuna hatari ndani yake hata kama haikutokea, maana mwenye nyumba huamka.

Ya pili ni kuangalia kile ambacho mshtakiwa alikubali siku ile na kikaandikwa. Hapo tunashindwa, kwa sababu ya silaha na vitisho alivyovikubali. Vimeandikwa pale kwa ishara ya kichwa changu mimi.

Ya tatu ni kuuliza kilichotokea hasa. Nilimwambia mama wakili, basi tuende na hiyo, mimi nipo, bibi yupo, na karai lipo, lilirudishwa na polisi na linatumika. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo njia ambayo mahakama huiogopa, haiwezi kuendesha upya kesi ya zamani kila inapotajwa. Nikamuuliza kama maana yake ni kwamba ukweli ndio kitu pekee kisichoulizwa. Akacheka kidogo, akanikumbusha kwamba mlango huo ukifunguliwa kwetu, na serikali nayo itapita, ije na mashahidi wake wa kuongeza chumvi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Lakini sikubali. Kuelewa sababu ya jambo na kulikubali ni vitu viwili, na nimeshamaliza umri wa kuvichanganya.

Sasa turudi kwenye lile neno moja. Rufaa yote imesimama juu ya ile njia ya kwanza, kwamba kosa la karai halikuwa la kutumia nguvu. Siku Athumani atakapomwambia afisa wa probesheni kwamba ni kweli alikuwa mtu wa vurugu tangu ujana, ataifunga njia hiyo kwa mkono wake. Huenda akatoka. Sikudanganyi, huenda akatoka mwezi huohuo. Lakini atatoka akiwa amekiweka kinywani mwake kile ambacho kilisomwa na mtu mwingine kwa haraka, na akigombana na mtu sokoni miaka ishirini ijayo, hakimu mwingine atafungua faili na kumwona mtu wa vurugu aliyejitaja mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza nilimsukuma mimi. Hii ya pili wanataka umsukume wewe.

Mwezi uliopita mlinzi mmoja muungwana wa gereza alimruhusu ami yako kuzungumza nami kwa simu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia akubali, mwanangu. Ndiyo, hata mimi. Nilikuwa nimechoka kumsikia Mwanajuma akilia, na bibi yako anazeeka. Nikaanza kuzungukazunguka, namuuliza chakula, namuuliza miguu. Akanikatiza.

"Kaka, hapa nimeshakaa miaka minne," akasema. "Nikikubali, itakuwa yote minne nimekaa kwa haki. Sasa mimi nimebaki na nini?"

Nilimwambia salamu zake zimefika.

Najua utakachoambiwa ukifika. Bibi yako atakushika mkono akuambie anataka mtoto wake, hataki hoja za mawakili, na anataka amwone kabla macho hayajazimika kabisa. Atasema hivyo akiwa amekaa kando ya karai lilelile. Sitakufundisha cha kumjibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipojaribu nililia. Ana haki ya kumtaka. Rufaa ikikataliwa, Athumani atabaki ndani miaka mingine, na huenda wasionane tena hapa duniani. Uzito huo naujua. Kila asubuhi, nikipita kwenye vumbi la hii reli wanayoichimba chini ya mji, nauhesabu upya, na kila asubuhi nafika palepale. Naweza kuwa nakosea tena. Nilishakosea wakati nilikuwa na hakika kabisa, kwa hiyo hakika yangu usiiamini sana. Lakini nenda ukamsikilize yeye kwanza, ndipo umsikilize mtu mwingine. Muulize kilichotokea usiku ule, kuanzia kwenye kufuli. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza akiwa amekaa kitako na ana muda.

Akikwambia mwenyewe kwamba amebadili nia, amechoka, anataka kusema na kutoka, basi mbusu kichwani na umwache aseme. Hilo litakuwa lake. Ninalokukataza ni wewe kumtia neno hilo kinywani.

Na usije ukanielewa kwamba nakufundisha ubishi. Ubishi unao wa kutosha, walimu wako wa hapa Doha wote ni mashahidi. Ukikosa, kubali, na kubali lote. Ila kile unachokubali kisomwe mpaka mwisho, kwa lugha unayoielewa, na ukisikia kimeongezwa kitu kisicho chako, simamisha watu hapo hapo, hata kama hakimu ana haraka, hata kama babako yuko nyuma anakuashiria uendelee. Na ukija kuwa na kiti na kalamu kama nilivyokuwa mimi, ukaletewa jina la mtu na neno moja mbele yake, muulize. Mimi nilimtafuta Waswa mwaka huu. Yuko Kampala, ana duka la vipuri, na alipokea simu yangu kwa heshima iliyonitia haya. Nilimwomba radhi. Akasema amesamehe, kisha akauliza kama ile kazi ya shule ilikuwa nzuri. Nikamwambia ilikuwa nzuri sana.

Neno la mwisho, na hili mamako amelijua leo. Nimeomba likizo niwe Mombasa siku rufaa itakapotajwa. Bosi amesema msimu huu hapana, hoteli zimejaa. Nimemjibu kwamba nitasafiri, na kama nikirudi nitakuta kiti changu kina mtu mwingine, khalasi, nilianza maisha ya mji huu kwenye kitanda cha juu na naweza kuyaanza tena. Mama wakili ameniandalia kiapo chenye yote: kufuli, eda, mwiko, na nani aliyemwashiria nani akubali. Ameniambia mapema nisijipe matumaini, kwamba wakili wa serikali atapinga kiapo kisipokewe, na jaji huenda akakubaliana naye bila hata kunitazama. Amenishauri nikae tu huku, nitume karatasi, niokoe nauli na kazi.

Nimemwambia naja. Kama jaji atakataa kunisikia, akatae nikiwa nimesimama mbele yake.

Nenda salama, mamangu, na Mungu akutangulie.

Babako